Njia ya Maduka katika Ugogo

1. Asubuhi

Nchi ya Ugogo imo katikati ya Tanzania, juu ya uwanda mpana ulio yapata meta 1,100 juu ya bahari. Ni nchi ya jua na upepo. Mti wake mkubwa ni mbuyu, na vichaka vyake ni vya miiba. Mvua yake ni ya majira mamoja tu kwa mwaka, tangu Desemba hata Aprili, na kwa kawaida haizidi milimita 600. Miezi saba iliyobaki ni ya kiangazi. Jambo hili la mvua lafaa kukumbukwa tangu mwanzo, kwa kuwa mambo yote ya maduka ya Ugogo hufuata mvua.

Karibu kila kijiji kikubwa cha nchi hii kina njia yake ya maduka. Huanza penye stesheni au penye kituo cha mabasi, hupita kati ya safu mbili za nyumba zenye baraza, na huishia uwanjani, mahali pa mnada. Si ndefu, mzee mwenye fimbo huweza kuimaliza kabla ya chai yake kupoa. Walakini watu wa vitongoji vyote huijua, na siku haipiti bila mtu wa kila nyumba kukanyaga vumbi lake.

Alfajiri, kabla jua halijachomoza, mtu wa kwanza kufika ni mwenye mashine ya kusaga. Mara ngurumo ya mashine husikiwa hata mbali, na wanawake waisikiapo hujitwika mtama na uwele wakaenda. Baada yake hufika wauza chai na maandazi, kisha fundi wa cherehani, ambaye hukaa barazani mwa duka la mwenziwe. Mwisho wenye maduka hufungua makufuli, hufagia mbele ya milango yao, na hunyunyiza maji kidogo ili kutuliza vumbi. Kopo moja hutosha, kwa kuwa maji ya Ugogo si ya kumwagwa ovyo. Ndipo watoto wa shule hupita mbio. Mmoja hununua penseli, mwingine hutazama tu maandazi, kisha huenda zake.

Mtu akitazama njia hii asubuhi, huenda akadhani kwamba imekuwapo siku zote. Sivyo. Ili kuifahamu yafaa kwanza kujua ilivyoanza.

2. Biashara kabla ya maduka

Katika karne ya 19 hapakuwa na maduka katika Ugogo, lakini biashara ilikuwako. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita katikati ya nchi hii. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipita mwaka 1857, na Stanley alipita mwaka 1871. Lakini hao walikuwa wachache tu kati ya maelfu ya wapagazi, Wanyamwezi, Waswahili na Waarabu, waliopita kila mwaka.

Kwanza misafara ilivuka nyika ya Marenga Mkali, ng'ambo ya Mpwapwa, mahali pa maji machungu na haba. Ilipotoka huko ilifika kwa Wagogo ikiwa na kiu na njaa. Basi watemi wa Wagogo walidai hongo, yaani malipo ya kupita nchini na kutumia visima. Kisha watu wa vijijini walikuja kambini na mtama, maziwa, samli, asali na kuku. Walipewa badala yake merikani, yaani nguo nyeupe iliyofumwa Marekani, na kaniki, na ushanga, na waya wa shaba.

Katika soko hilo la kambini hapakuwa na fedha wala mizani. Palikuwa na kibaba, na mikono ya kupimia nguo, na maneno mengi. Hata hivyo jambo moja lilikuwa sawa na leo. Mvua ikiwa njema, mtama ulikuwa mwingi na nguo kidogo ilinunua chakula cha watu wengi. Mvua ikikosa, mwenye mtama hakuutoa kwa nguo yo yote.

3. Reli na fedha

Wadachi, yaani Wajerumani, walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Katika Ugogo na kandokando yake stesheni zilijengwa mahali pengi, kama vile Gulwe, Igandu, Kikombo, Bahi na Kintinku. Palipokuwa na stesheni palikuwa na ghala, na palipokuwa na ghala palikuja mfanyaji biashara. Wengi wa wafanyaji biashara wa kwanza walikuwa Wahindi na Waarabu. Walijenga nyumba za mawe au za udongo, wakaezeka bati, wakaweka mbao za duka mbele. Hivyo ndivyo njia nyingi za maduka zilivyozaliwa.

Pamoja na reli fedha ilienea. Katika mwaka 1904 Wadachi waliamuru kwamba rupia moja iwe na heller 100. Serikali ile imekwisha zamani, na rupia yake imekwisha, lakini heller yao haijafa. Ndiyo asili ya neno "hela" linalosemwa kila siku katika maduka. Baada ya Vita Kuu ya 1914 hata 1918, Waingereza walileta shilingi ya senti 100, na tangu mwaka 1966 Tanzania ina shilingi yake yenyewe.

Fedha ilileta urahisi mwingi. Mtu aliyekuwa na ng'ombe hakulazimika tena kumtafuta mtu anayetaka ng'ombe na aliye na jembe. Aliuza ng'ombe, akaweka fedha, akanunua jembe siku aliyotaka. Lakini fedha ilileta na jaribu jipya. Nafaka iliyomo katika ghala huonekana ikipungua. Fedha huondoka kimya.

4. Mtunya

Wazee wa Ugogo walirithi kutoka kwa wazazi wao habari ya njaa iitwayo Mtunya, iliyodumu tangu mwaka 1917 hata mwaka 1920. Wakati wa vita ile majeshi ya pande zote mbili yalipita katika Ugogo. Waingereza waliuteka mji wa Dodoma katika mwezi wa Julai 1916. Majeshi yalihitaji chakula na watu wa kubeba mizigo. Nafaka ikachukuliwa, ng'ombe wakachukuliwa, na vijana wakachukuliwa, hata mashamba yakakosa walimaji. Kisha mvua zikakosekana. Watu maelfu mengi walikufa, na wengine wengi walitoka kwenda kuhemea, yaani kutafuta chakula katika nchi za wengine.

Habari hii yahusu maduka kwa sababu moja. Siku zile maduka yalikuwapo, na reli ilikuwapo, na fedha ilikuwapo. Lakini duka haliwezi kuuza kitu kisichokuwamo. Mwenye fedha na asiye na fedha walisimama mbele ya mlango mmoja, na ndani hamkuwa na nafaka. Tangu hapo wazee wa Ugogo huwausia watoto wao kwamba duka ni msaidizi wa ghala, wala si badala yake.

5. Watu wa njia ya maduka na kazi zao

Siku hizi wenye maduka wengi ni wenyeji. Duka la kawaida huwa na chumvi, sukari, majani ya chai, miche ya sabuni, mafuta ya kupikia, viberiti, misumari, madaftari, sufuria, kanga na vitenge. Kila kitu huuzwa kwa kipimo kidogo, kwa kuwa wanunuzi wengi hupata fedha kidogo kidogo. Mafuta hupimwa kwa kikombe, na majani ya chai hufungwa katika karatasi ndogo.

Karibu na duka hukaa fundi wa cherehani, fundi wa baiskeli na pikipiki, kinyozi, na kijana anayetia umeme katika simu. Mwingine hukaa katika kibanda chake, hupokea fedha na kuzituma kwa simu. Kazi hiyo ilianza kuenea katika Tanzania tangu mwaka 2008. Mama aliye kijijini huweza kupokea msaada wa mwanawe aliye Dar es Salaam kabla chungu hakijachemka, hali zamani barua yenye fedha ilichukua siku nyingi.

Chini ya mti hukaa akina mama wenye mboga. Mboga iliyo kubwa kwa Wagogo ni mlenda. Wakati wa masika majani yake huchumwa mbugani na mashambani, hukaushwa juani, hupondwa, na huwekwa akiba ya mwaka mzima. Mlenda kwa ugali wa uwele ndicho chakula cha nyumbani hasa. Pengine huonekana pia karanga, njugu mawe, ubuyu, na chumvi ya kienyeji iliyokwanguliwa katika mbuga na kuchemshwa. Katika majira yake huja zabibu, zao lililoifanya Dodoma ijulikane katika nchi nzima.

Siku ya mnada njia yote hubadilika. Wafugaji hufika na ng'ombe, mbuzi na kondoo. Wachuuzi wa nguo hutandaza turubai. Na moshi wa nyama choma hujaa uwanjani. Jioni wafugaji waliouza huingia madukani, na siku hiyo mwenye duka huuza kuliko siku zote za juma.

6. Vipimo na daftari

Biashara yote ya njia hii husimama juu ya vitu viwili: kipimo na neno la mtu.

Zamani nafaka ilipimwa kwa kibaba, na vibaba vinne vilikuwa pishi moja, yapata ratili 6. Nazo namna za kupima zilikuwa mbili. Kibaba kilichojazwa hata nafaka ikawa kama kilima kiliitwa kibaba cha tele. Kibaba kilichosawazishwa kwa kijiti au kwa kiganja kiliitwa kibaba cha mfuto. Mtu mwerevu aliuliza kwanza, "Tele au mfuto?" ndipo akauliza bei. Mtu mjinga aliuliza bei tu. Kisha likaja debe, ambalo kwanza lilikuwa kopo la mafuta ya taa. Hata leo wakulima wengi huhesabu kwamba gunia moja la kilo 100 ni kama madebe sita.

Sasa kipimo cha sheria ni kilo. Serikali ya Tanzania ina Wakala wa Vipimo, uliowekwa mwaka 2002, ambao maofisa wake hukagua mizani na kuitia alama. Sheria hukataza lumbesa, yaani gunia lililoshonewa nyongeza juu ya mdomo wake hata likawa na kichwa. Anayeuza lumbesa hulipwa bei ya gunia moja, naye ametoa zaidi ya gunia. Kwa hiyo mkulima apimaye magunia yake kwa mizani kabla hayajatoka nyumbani hajifanyi mchokozi. Anajua mali yake tu.

Kitu cha pili ni daftari. Mwenye duka huwakopesha watu anaowajua, na huandika jina, kitu, na bei. Mithali yasema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Mkopaji naye yafaa aandike kwake, kwa kuwa kumbukumbu ya mdeni na kumbukumbu ya mdai hazifanani. Deni la chumvi si kitu. Lakini liko deni la namna nyingine lenye hatari. Wakati wa njaa mtu hukopa gunia moja la nafaka, naye huahidi kulipa magunia mawili wakati wa mavuno. Hulila gunia lile kwa mwezi mmoja, kisha hulima mwaka mzima kwa ajili ya ghala la mtu mwingine.

7. Gunia lililorudi

Katika kijiji kimoja cha Ugogo, kusini ya mji wa Dodoma, alikuwako mkulima mwenye mke, mama yake mzee, na watoto watatu. Mwaka mmoja mvua ilinyesha vizuri, na mkulima huyu akavuna magunia 13 ya mtama. Gunia moja lilikuwa limetobolewa na panya. Mke wake alilitia kiraka cha kaniki, akakishona kwa uzi mwekundu.

Katika mwezi wa saba nyumba ilikuwa imejaa. Watoto walilala kando ya magunia kwa kuwa nafasi ilikuwa haba. Mkulima alitazama akafurahi, akasema moyoni, "Chakula hiki hakitakwisha." Akapakia magunia sita katika mkokoteni, akayapeleka kwenye njia ya maduka, na gunia lenye kiraka likawa miongoni mwake. Alinunua bati za kuezekea nyumba na baiskeli. Hivyo vyote vilikuwa vitu vyema, wala hakuna aliyemlaumu.

Mwezi wa pili ulipofika katikati, mke wake alikung'uta gunia la mwisho. Shambani mtama mpya ulikuwa bado kimo cha goti. Mkulima akauza mbuzi, akampa fedha binti yake mkubwa, aliyekuwa darasa la sita, akamtuma dukani.

"Shikamoo, mzee," alisema binti.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo. Baba amenituma mtama, kilo kumi."

Mwenye duka akalivuta gunia kutoka nyuma, akalifungua. Binti akaona kiraka cha kaniki na uzi mwekundu. Akakigusa kwa kidole.

"Mzee, gunia hili ni letu."

Mwenye duka akalitazama, akasema kwa upole, "Lilikuwa lenu, mwanangu. Nilimlipa baba yako." Akapima kilo kumi juu ya mizani, bila kupunja. Lakini bei ya kilo ilikuwa mara mbili ya ile aliyolipa mwezi wa saba.

Binti alipoeleza nyumbani, baba yake alikasirika. "Mtu yule ametuibia," alisema.

Bibi, aliyekuwa ameketi karibu na moto, akajibu, "Mwanangu, hakuiba. Ulikuwa na gunia na haraka. Yeye alikuwa na fedha na subira. Gunia lako limekaa nyumbani kwake miezi saba, naye amelilinda na fukusi na panya. Malipo ya kulilinda ndiyo hayo unayomlipa sasa. Kama ungalililinda wewe, malipo hayo yangalikuwa yako."

Mkulima alinyamaza. Kisha akamwuliza mama yake, "Basi, mama, ningalijuaje ni mangapi ya kuuza na mangapi ya kuweka?"

"Mimi najua nyumba hii hula kiasi gani," alisema bibi. "Hula pishi moja kila siku, na pengine zaidi kidogo wageni wakija. Hesabu ya mwaka siijui. Mwulize mtoto, ndiyo maana umempeleka shule."

8. Hesabu ya binti

Binti alileta daftari lake, akakaa karibu na taa. Pishi moja na zaidi kidogo aliiandika kuwa kilo 3. Mwaka una siku 365. Kilo 3 mara 365 ni kilo 1,095, yaani magunia 11 kasoro kilo 5. Basi katika magunia 13 yaliyovunwa, yaliyokuwa ya kuuza ni mawili tu. Baba yake aliuza sita.

Kisha akahesabu siku. Magunia saba yaliyobaki yalikuwa kilo 700. Kwa kilo 3 kila siku, hutosha siku 233. Alihesabu tangu tarehe 1 Julai, mwezi kwa mwezi, na siku ya 233 ikaangukia tarehe 18 Februari. Bibi akacheka kidogo, kwa kuwa daftari lilikuwa limesema sawasawa na lile gunia tupu.

Mwisho akahesabu fedha. Ili hesabu iwe nyepesi aliandika gunia moja kuwa shilingi 50,000 wakati wa mavuno, na shilingi 100,000 wakati wa njaa. Magunia manne yaliyouzwa kupita kiasi yalileta shilingi 200,000. Kuyanunua tena, kwa kuwa nyumba haiwezi kukaa bila kula, kutataka shilingi 400,000. Hasara ni shilingi 200,000. Hakuna mwizi aliyeingia nyumbani, wala moto haukuwaka, wala mvua haikukosa. Hasara yote ilitoka katika kuuza mapema na kununua nyuma.

Mkulima alilitazama daftari kwa muda mrefu. Halafu akauliza neno moja: "Na mbuzi?"

Swali hilo lilikuwa la maana. Katika mwezi wa nane mbuzi ni wanono, na wenye haja ya kuuza ni wachache. Kwa hiyo mbuzi hupata bei nzuri mnadani, na nafaka ni rahisi. Katika mwezi wa pili mambo hugeuka. Nafaka ni ghali, na kila nyumba iliyopungukiwa huleta mbuzi wake mnadani siku moja na wenziwe, hata bei yao huanguka. Mbuzi ni yule yule, lakini gunia analoweza kulinunua katika mwezi wa nane, katika mwezi wa pili huenda asinunue hata nusu yake.

9. Mwaka uliofuata

Mwaka uliofuata haukuwa mwema. Mvua ilianza, ikasimama wiki tatu, kisha ikarudi kwa uchache. Mkulima yule alivuna magunia 9 tu ya mtama, na karanga kidogo. Kabla ya mtu ye yote kununua kitu, watu wa nyumbani walikaa pamoja, bibi akiwa katikati, wakahesabu. Kwa magunia 9 nyumba ingekula siku 300, hata mwisho wa Aprili. Palipungua magunia mawili.

Hawakuuza nafaka hata kidogo. Karanga waliziuza kwa kilo, juu ya mizani yenye alama. Mama wa watoto alipeleka mlenda mkavu chini ya mti wa akina mama, akauza kidogo kidogo kila siku ya mnada. Na fedha hiyo ikatosha chumvi, sabuni na madaftari ya shule. Katika mwezi wa nane baba aliuza mbuzi wawili wanono, akanunua magunia mawili ya mtama hali bei ingali chini. Mke wake aliyakagua magunia yote, akatia viraka palipotoboka, na yote 11 yakawekwa juu ya magogo ili mchwa wasiyafikie.

Hawakutajirika. Viatu vya watoto viliahirishwa, na baiskeli ilipoharibika ilikaa bila kutengenezwa hata mavuno mengine. Lakini mwezi wa pili ulipofika, na watu wengine wakiwa wamesimama na debe mbele ya duka, mkulima yule alipita akaingia, akaamkiana na mwenye duka.

"Leo nikupimie kilo ngapi za mtama, baba?" aliuliza mwenye duka.

"Nipe chumvi, na kiberiti," alijibu mkulima.

Siku ya tatu jirani mmoja, aliyekuwa tayari kuahidi magunia mawili kwa moja, alikuja kwake usiku. Mkulima hakuwa na nafaka ya kumpa zaidi ya debe moja. Alimpa debe hilo, lirudi debe moja wakati wa mavuno. Kisha akamwita binti yake alete daftari, naye jirani akaeleza nyumba yake ina watu wangapi.

10. Mwisho

Hivyo njia ya maduka si adui wa mkulima, wala si mama yake. Ni mahali pa kubadilishana. Huleta chumvi, nguo, jembe, dawa na habari. Huwapa mafundi kazi na wajane riziki. Huunganisha kijiji na Dodoma, na Dodoma na pwani. Lakini haimwambii mtu nyumba yake itakula nini mwezi wa pili. Neno hilo hujulikana nyumbani, kwa kibaba cha bibi na kwa hesabu ya mtoto, kabla mkokoteni haujapakiwa.

Haba na haba hujaza kibaba. Na haba na haba hukimaliza pia.

Maswali

1. Mvua ya Ugogo hunyesha miezi gani? Kwa nini jambo hili ni kubwa kwa wenye maduka?
2. Eleza hongo ilikuwa nini, na misafara ilinunua vitu gani kwa Wagogo.
3. Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka gani? Neno "hela" limetoka wapi?
4. Wakati wa Mtunya fedha ilikuwapo. Kwa nini haikuwaokoa watu?
5. Eleza tofauti ya kibaba cha tele na kibaba cha mfuto. Lumbesa ni nini, na ni nani anayepata hasara?
6. Bibi alimjibu nini mwanawe aliposema kwamba wameibiwa? Je, alisema kweli? Toa sababu zako.
7. Hesabu: nyumba ya watu wanane hula kilo 4 kwa siku. Yahitaji magunia mangapi ya kilo 100 kwa mwaka? Ikivuna magunia 12 na kuuza manne, chakula kitakwisha tarehe gani, kuanzia tarehe 1 Julai?
8. Waulize watu wa nyumbani kwenu mnakula kiasi gani kwa siku. Andika hesabu ya mwaka mzima katika daftari lako, uwasomee.